Masale ya Jikoni

1

Msumari.

Umepigwa tangu zamani kwenye mmea mmoja wa isale kando ya njia, kimo cha kifua cha mwanamke. Una kutu, na shina limeumeza nusu, kama mdomo wa mtoto uliofumbia pipi. Nsia aliuona kabla ya mtu yeyote kuujali, kwa sababu kila asubuhi anautundikia ngata yake, ile pete ya kanga kuukuu anayoiweka kichwani kabla ya kujitwika majani ya ng'ombe.

Hajawahi kujiuliza nani aliupiga. Kitu kikikusaidia kila siku, hukiulizi ukoo wake.


2

*(Rangi nyekundu, juu ya ubao uliokuwa mlango wa banda la kuku. Manyoya mawili bado yamenata.)*

NJIA IMEFUNGWA
HAPA NI KIHAMBANI KWA MTU
MPAKA NI MASALE. KILA MTU ANAJUA MAANA YA MASALE
NI MIMI MWENYEWE, NDERAKINDO

*(Chini kabisa, herufi ndogo, nafasi ilipokuwa inakwisha:)*

mbuzi wangu anaruhusiwa


3

Wewe unayesoma, njoo usimame hapa barabarani, uso uelekee mlimani, usije ukapotea.

Kushoto kwako ni migomba ya Bibi Ndeshi, aliyemlea Nsia. Kulia ni kahawa ya Mzee Nderakindo. Kila upande ni kihamba, yaani shamba la nyumbani: nyumba, migomba, kahawa, na wazee waliolala chini ya migomba. Katikati inapanda njia ya miguu mpaka mlangoni kwa Bibi Ndeshi. Hana njia nyingine, labda awe ndege.

Sasa tazama ukingo wa kushoto wa njia. Unaona ule mstari wa mimea mirefu, myembamba, yenye majani kama mikanda? Hayo ni masale. Kwetu isale likisimama linasema: mpaka. Haling'olewi. Mtoto akilivuta anapigwa kofi kabla hajaulizwa jina.

Masale yako kushoto mwa njia. Kwa hiyo njia imebaki upande wa

Umeshaelewa. Mzee Nderakindo naye alielewa hivyohivyo, asubuhi moja, akiwa amesimama pale ulipo na kikombe cha kahawa mkononi. Si mwongo. Alisoma masale kama alivyofundishwa kuyasoma. Akaenda kutafuta waya.


4

Ng'ombe anaitwa Sikitu. Ana mimba kubwa, macho ya mtu aliyesinzia kanisani, na tabia ya kulamba kiwiko cha anayemkamua.

Ni wa Nsia. Alipewa akiwa ndama, mwaka Bibi alipovunjika nyonga na Nsia akaacha shule darasa la tano ili amwangalie. Wenzake walinunuliwa madaftari, yeye akapewa ndama. Watu walimwonea huruma, lakini yeye, akilala usiku na kusikia ndama akicheua upande wa pili wa ukuta, hakujionea.

Majani ya Sikitu yanatoka tambarare. Lori linashusha wanawake na mizigo yao barabarani. Kutoka hapo, kwa njia ile, unafika nyumbani kabla shingo haijaanza kulalamika. Sasa kuna waya. Inabidi kuzungukia korongoni, ambako unashuka kwa makalio na kupanda kwa magoti. Siku ya kwanza Nsia alifika na nusu ya mzigo. Nusu nyingine ilibaki korongoni kulisha konokono.

Bibi Ndeshi alimtazama Sikitu, akatazama kile kijifungu cha majani.

"Mwanangu, mpaka siku ya mnada," alisema. "Njia isipofunguka, anauzwa. Siwezi kumwangalia mwenye mimba akikonda mbele yangu."

Nsia alimpa Sikitu kiwiko.


5

*(Simu, spika imewashwa. Kaka Felisi, fundi wa kuchomelea mageti, Arusha. Nyuma yake vyuma vinalia.)*

"Nsia, nimesikia. Usilie. Kwanza hujalia, nakujua, wewe hata kulia unaona haya. Sikiliza. Nakuja na panga. Waya nakata, masale nafyeka, ule ubao nauchemshia chai. Mwambie yule mzee kwamba Felisi wa

*(Bibi amenyakua simu. Anaizungumzia kwa upande wa kioo.)*

"Wewe Felisi. Ukishafungua njia kwa panga, dada yako atapitaje? Mikono yote miwili iko kwenye mzigo, shingo haigeuki, na nyuma yake kuna jirani mwenye hasira. Umefikiria hilo? Hujafikiria. Njoo. Panga liache. Lete sukari."

*(Vyuma vimeacha kulia.)*

"Kilo ngapi, Bibi?"


6

Yaliyosikika kwenye foleni ya maziwa, Nsia akiwa amesimama nyuma na ndoo yake, wote wakijua yupo:

— Kwa hiyo mbuzi ana haki kuliko mtu.

— Mbuzi akipita pale analia meee. Anabisha hodi kwa lugha yake. Huyo mwingine akipita, hata kikohozi.

— Ni haya tu, jamani. Mwacheni.

— Haya za miaka yote hiyo? Zingekuwa migomba tungekuwa tunakula ndizi.

— Nsia, mwanangu, si tunakutania?

Nsia alitikisa kichwa. Ikaonekana anakubali, au anakataa, au anafukuza nzi.


7

Mambo ambayo Nsia amemwambia Mzee Nderakindo kwa miaka yote ya kupita kihambani kwake, kimoyomoyo:

Shikamoo, baba.

Kahawa imechanua yote kwa mkupuo, kama imeitwa jina.

Kofia unayoitafuta iko juu ya paa la banda. Mbuzi ndiye anayejua ilifikaje.

Pole kwa msiba wa dada yako. Nilitaka kusimama, mzigo ukanizidi. Si kweli. Mzigo ulikuwa mwepesi.

Mgomba wa pale pembeni umezidiwa na mkungu, utaanguka.

Umeanguka. Pole.

Shikamoo tena.


Mambo ambayo Mzee Nderakindo ameyasikia:




nyayo.


8

Kwetu isale lina kazi ya pili. Ukiwa na neno na mtu, unachuma jani lake, unalifunga fundo, unampelekea. Maana yake: tukae, tuzungumze. Akilipokea mkononi hana ruhusa ya kukataa kukaa. Ndiyo maana wenye kiburi, wakimwona mtu anakuja na jani, huingiza mikono mifukoni.

Bibi Ndeshi alifunga fundo, akambusu Nsia kwenye paji, akampa jani.

Nsia alifika kwenye waya. Mzee alikuwa ndani. Redio ilisikika ikitaja bei ya kahawa, na Mzee akiibishia. Nsia alisafisha koo. Akafungua mdomo.

"Ho


Redio ikaendelea. Mzee akaendelea kuibishia.

Basi alilitundika jani kwenye waya, vizuri, fundo likitazama nyumba, akarudi nyumbani akitembea kama mtu aliyemaliza kazi.


9

"Baba Aisia, hebu njoo. Mbuzi anakula nini?"

"Majani. Ulitaka ale ugali?"

"Anakula isale."

"La wapi?"

"Lilikuwa kwenye waya. Lina fundo." Mama Aisia, mkewe Mzee Nderakindo, aliliinua lililobaki, likining'inia kama kamba ya kiatu iliyotafunwa. "Tumeombwa kikao."

Mzee Nderakindo alilitazama jani. Akamtazama mbuzi. Mbuzi akacheua.

"Nimeombwa mimi, au ameombwa huyu?"

"Aliyepokea ndiye aliyekubali. Mila ni mila."

"Basi mbuzi aende akakae na Ndeshi, wazungumze."

"Unacheka."

"Sicheki. Nina vumbi." Alijifuta macho kwa ukingo wa kofia. Halafu uso ukarudi mahali pake. "Isale linatolewa kwa mkono, Mama Aisia. Kwa mkono, uso kwa uso. Mimi si msumari wa kutundikiwa vitu."


10

OFISI YA KITONGOJI
WITO

Kwa: Bibi Ndeshi, na Mzee Nderakindo
Yah: MGOGORO WA MPAKA NA NJIA YA MIGUU

1. Mnaitwa kwenye usuluhishi. Kikao kitafanyika njiani penyewe, kwa sababu ofisi inavuja.
2. Kila upande uje na wanaokumbuka. Wanaopiga kelele wabaki nyumbani.
3. Mapanga, majembe na fimbo zisizo za kutembelea hazitaruhusiwa.
4. Bibi Ndeshi ameahidi chai. Sukari ipo.
5. Mbuzi afungwe.

Otaru, Mwenyekiti wa Kitongoji


11

Kikao kilianza na kubishana mahali pa kuanzia.

Felisi alikuja na sukari kilo tano, mikono mitupu, na futi ya kamba ndefu ya fundi, inayojirudisha yenyewe ndani ya kasha ukiiachia. Alisema tupime. Mwenyekiti Otaru akauliza tupime kutoka wapi. Mzee Nderakindo akasema kutoka kwenye masale, ni wapi tena? Felisi akasema ukianzia kwenye masale umeshamaliza, maana masale ndiyo yanayoinyima Bibi njia.

"Kumbe unajua," alisema Mzee.

"Najua masale yako mahali pabaya."

"Isale halina mahali pabaya, kijana. Lina waliolipanda. Unamjua aliyeyapanda haya?"

Felisi hakumjua. Mwenyekiti hakumjua. Bibi Ndeshi alikunja uso kama anayetafuta jina la mtu kwenye harusi. Yeye alikuwa amelala na nyonga yake miaka ile, dirisha limetazama upande wa pili. Alipoanza tena kutembea aliyakuta yamesimama, na isale lililosimama huliulizi.

Ikaja zamu ya jani. Jani jipya, fundo jipya. Bibi alimsukuma Nsia mgongoni kwa vidole viwili.

Nsia alivuka. Alilinyoosha jani kwa mikono miwili. Mzee Nderakindo alingoja. Mikono yake ilikuwa mifukoni.

Watu waliacha kupuliza chai.

Ukatoka mkono wa kulia. Ukalipokea.

"Nimepokea," alisema Mzee. "Haya. Sema."

Nsia akatazama chini. Kisha, kwa kuwa mikono yake ilikuwa mitupu na haijazoea kuwa mitupu mbele za watu, aliivua ngata iliyokuwa kwenye mkono kama bangili, akageuka, akaitundika mahali anapoitundika siku zote.

"Hee," alisema Mama Aisia.

Aliweka kikombe chini. Alisogea mpaka kwenye isale, akaitoa ngata, akaugusa msumari. Akalichungulia na shina la jirani yake, na la jirani wa jirani.

"Huu msumari nimeupiga mimi."

"Wewe Mama Aisia? Kwenye isale?"

"Halikuwa isale, Baba Aisia. Lilikuwa ukuta wa jikoni." Alianza kucheka kabla hajamaliza. "Kipaimara cha Felisi! Si mimi nilikuwa mpishi mkuu? Wakaja wale vijana wa turubai la kukodi, wageni wa huku, nikawaambia wanizungushie jiko, sitaki watu wanione navyoonja nyama. Wakakuta lundo la vijiti vya masale mlivyopogoa kule makaburini, wakachomeka, wakafunga majani ya migomba. Nikapiga msumari, nikatundika upawa. Upawa wangu ulikuwa hapa! Supu ilikuwa pale mlipoweka miguu!"

"Na baada ya sherehe?"

"Turubai likaenda. Majani ya migomba tukawapa ng'ombe. Vijiti…"

Kila mtu akavitazama vijiti, ambavyo sasa vilikuwa virefu kuliko Felisi.

"Hakuna aliyeving'oa?" aliuliza Mwenyekiti.

"Uling'oe isale wewe, Otaru?"

"Mimi? Thubutu."

"Ehee."


12

*(Masale:)*

Hatukuulizwa. Tulikatwa, tukachomekwa ardhini, tukaota. Ndiyo kazi pekee tunayoijua.

Harufu ya supu tunaikumbuka. Kuna mtoto aliyevaa viatu vipya alijificha nyuma yetu akala mnofu uliokuwa wa padri. Hatutamtaja. Alileta sukari.

Baadaye mkaanza kutupisha mkipita. Mkawashika watoto mikono. Mmoja wenu alitupa heshima iliyokuwa ya babu zenu, na sisi tulikuwa pazia la jiko, lakini nani hukataa heshima?

Mpaka siku ile ya waya. Tungekuwa na mdomo tungesema. Tulikuwa na msumari tu.


13

Mpaka wa kweli ulikuwa na mashahidi wawili: isale nene kama paja kule chini barabarani, na jingine la umri uleule kule juu penye bomba. Bibi Ndeshi aliyakumbuka. Mzee Nderakindo naye aliyakumbuka, ingawa alichukua muda kukubali kwamba anakumbuka. Felisi alivuta kamba kutoka shina mpaka shina. Kamba ikapita katikati ya njia. Katikati kabisa, kuku angeweza kutembea juu yake akiwa na mguu kwa Bibi na mguu kwa Mzee.

Wote wawili walionekana kama watu waliovaa nguo za sherehe wakakuta sherehe ni kesho. Kila mmoja alikuwa amejiandaa kushinda.

"Basi kila mmoja atoe kidogo," alisema Mwenyekiti, "tupande masale mapya huku na huku, njia ijulikane. Upana mita moja."

Wanawake wakaguna.

"Mita moja ni ya mtu mtupu," alisema Mama Aisia. "Ya mwanamume anayekwenda kunywa mbege. Mtu mwenye mzigo wa majani apite ubavuubavu kama kaa? Mtwikeni Nsia. Apite. Majani yanapogusa, chomekeni kijiti."

Ikawa hivyo. Nsia akavaa ngata, akatwikwa mzigo, akaanza kupanda njia taratibu. Huku Felisi na vijiti vyake, kule Mzee Nderakindo na vyake. Felisi aliongeza konzi mbili za majani upande wa Mzee, mzigo uwe mpana. Mzee akachomoa konzi tatu. Felisi akarudisha mbili.

"Nawaona," alisema Bibi Ndeshi kutoka kwenye kiti chake.

Nsia, chini ya mzigo, shingo haigeuki, macho mbele, alikuwa anacheka. Hakuna aliyemwona. Mzigo wa majani ni nyumba nzuri ya kuchekea.


14

MUHTASARI WA KIKAO

Imekubaliwa:

(a) Njia si ya Bibi Ndeshi wala ya Mzee Nderakindo. Ni ya wanaopita.
(b) Upana ni mzigo mmoja wa majani.
(c) Masale ya jikoni hayatang'olewa, kwa kuwa ni masale. Hayatahesabiwa kuwa mpaka, kwa kuwa ni jiko. Msumari ubaki.
(d) Mzee Nderakindo ataondoa waya, ila

*(Hapa kalamu ya Mwenyekiti ilisimama, kwa sababu Mzee Nderakindo alikuwa amesimama.)*

"Ila nina neno," alisema. "Andika au usiandike. Mimi sikuamka siku ile nikitafuta ardhi. Nitaipeleka wapi? Nilikuwa nimesimama pale barabarani na kahawa yangu. Akapita huyu binti. Akapita kama upepo, kama miaka yote. Mgomba wangu ulianguka akauruka. Dada yangu alikufa akapita. Nikasema, hivi mimi ni mtu au ni kisiki? Ndipo nikayaona masale. Nikasema, kumbe nina mpaka. Basi na wajue kuna mtu."

Mama Aisia alimshika mkono wa shati.

"Njia ya kihambani ina ada yake," alisema Mzee, kwa sauti ya chini zaidi. "Salamu. Ndiyo hiyo tu. Nyaya zote nitaondoa. Mmoja nitauacha. Akipita mtu akanisalimu, nitausogeza. Wiki moja tu. Kisha nao nautoa."

"Namsalimia mimi!" alisema Felisi. "Kila asubuhi napiga simu kutoka Arusha. Shikamoo ya jumla."

"Salamu haitumwi," alisema Bibi Ndeshi.

Nsia alikuwa amerudi na kusimama nyuma ya kiti chake, bado ana mzigo. Uso wake ulikuwa wa moto mpaka majani yalinukia kama yanachemka. Mnada ulikuwa keshokutwa.

*(d, inaendelea)* ila mmoja. Ada ya njia: salamu, kwa sauti.


15

Asubuhi.

Lori limeshusha mizigo, limeondoka. Wenzake wamepanda makwao. Nsia amebaki chini ya masale ya jikoni. Ameichukua ngata msumarini. Amejitwika.

Wewe uliyesimama barabarani tangu mwanzo, usiongee. Usimsaidie.

Anapanda.

Kulia kwake vijiti vipya, kushoto vijiti vipya. Mzigo unapita bila kugusa. Juu kule Sikitu amesikia nyayo, ameanza kulia. Mbele kuna waya mmoja, na nyuma ya waya kuna kigoda, na juu ya kigoda kuna Mzee Nderakindo na kikombe. Anatazama pembeni, kwa bidii kubwa, kama mtu asiyengoja chochote.

Nsia amesimama.

Maneno yote yapo. Yalikuwepo siku zote, yamepangwa kama kuni. Ya kwanza anayajua. Lakini macho yake yamepita juu ya bega la Mzee, yakaenda pembeni ya kahawa, kwenye mgomba uliochipua pale ulipoanguka ule mwingine. Una mkungu mkubwa. Umeinama.

Mbuzi amelia meee, akapita chini ya waya.

Amelipa, huyo.

Nsia amefungua mdomo, na sauti iliyotoka ni nene kuliko alivyodhani, sauti ya mtu mwenye ng'ombe:

"Shikamoo, baba. Ule mgomba wa pembeni utaanguka, utafutie nguzo leo. Lakini isiwe ya isale."